Chakacha Kwenye Ukuta wa Kampuni

Kwa mwaka mmoja na nusu nilipanda ngazi za jengo moja la Ganjoni, Mombasa, mpaka ghorofa ya nne, nikakaa mbele ya skrini na kutazama watu nisiowajua wakijianika. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kwenye barua ya ajira waliipa jina refu lenye neno "usalama" na neno "jumuiya", lakini ukiyavua maneno hayo mapambo yake unabaki na msichana aliyevaa hedifoni, video zinazomjia moja baada ya nyingine kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, na vitufe viwili: Acha na Ondoa. Kila video ilipewa sekunde arobaini. Ukizipita, saa ndogo pembeni mwa skrini iligeuka nyekundu, na mahali fulani, katika nchi ambayo sijawahi kuiona, mtu aliarifiwa kwamba nimechelewa.

Kampuni siitaji. Haina haja ya kutajwa. Imo ndani ya simu ya mama yako. Sisi wenyewe hatukuwa hata watu wake. Tuliajiriwa na kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni ya wastani iliyopewa kazi na hiyo kubwa, na vitambulisho vyetu vilikuwa vya kijivu ili asije mtu akatudhania kuwa watu wake. Wenye vitambulisho vya buluu walikuja mara moja kwa mwaka. Walituita familia, wakapiga picha nasi, kisha wakaenda zao hotelini kuogelea.

Nilidharau karibu kila kitu mle ndani, na nakiri kwamba dharau hiyo ilinipa raha. Nilidharau tufaha za kutoka ng'ambo zilizowekwa jikoni kila Jumatatu, kila moja imefungwa plastiki yake, hali Marikiti iko karibu na embe zimejaa mpaka mahamali wanaziruka. Nilidharau maneno yaliyobandikwa ukutani, ya kututaka tuwe jasiri na tuwe wanyenyekevu kwa siku moja. Zaidi nilidharau chumba cha mikutano, ambacho walikiita Baraza. Kilikuwa na milango ya vioo, baridi ya kugandisha vidole, na kalenda: huruhusiwi kuketi Baraza mpaka uandike jina lako siku mbili kabla. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale. Baraza ninayoijua ni ya mawe, na mtu hukaribishwa kuketi hata kama wenyewe wangependa apite.

Nilijiambia kwamba nimekwenda kuvuna riwaya. Mwandishi huingia popote, nilijiambia, mradi atoke na hadithi. Nilinunua daftari la jalada gumu. Kila jioni nililifungua, na kila jioni macho yangu yalikuwa yameshamwaga vyote yalivyoviona, kama ndoo iliyotoboka. Wenzangu nao walikuwa na ndoto zao. Mmoja alikuwa anasomea sheria, mwingine alikuwa na bendi. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa pale, na sote tulifika kabla ya saa.

Tulitia sahihi karatasi ya kutomwambia mtu yeyote tunafanya nini. Kwa hivyo mtaani nilijulikana tu kuwa mtu wa kompyuta, na wazee waliniletea simu zao.

"Mwanangu, hebu niangalizie hii," jirani yetu aliniambia siku moja. "Kila nikimpigia mkwe wangu inakatika."

"Labda mkweo ndiye anayekata, mama."

"Basi mtengeneze na yeye."

Mtu mmoja tu alijua. Mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye nikimwita binamu naona nampeleka mbali, maana tulilala kitanda kimoja utoto mzima na mpaka leo huniita dada. Yeye nilimwambia siku ile ile niliyotia sahihi.

Ndiye aliyekuwa anaolewa. Wiki moja kabla ya kupamba, siku ambayo bi harusi hukalishwa jukwaani mbele ya wanawake wamtazame alivyopambika, tulimfanyia singo nyumbani kwao. Singo ni kusuguliwa mwili kwa liwa, msandali uliosagwa, na karafuu na marashi mpaka ngozi ing'ae. Anayesugua ni somo wake, mwanamke mtu mzima aliyepewa kazi ya kumfunda. Siku hiyo mlango hufungwa. Wanaume wa nyumba hutoka wote, hata baba mwenye nyumba, na hawarudi mpaka waitwe. Mabuibui hutundikwa ukutani. Na katika miaka hii yetu, simu huachwa mlangoni.

Shangazi wa bi harusi alikuwa ameketi kwenye kigoda, kapu mapajani, akizipokea.

"Mpaka lini?" mgeni mmoja aliuliza.

"Mpaka utoke. Kwani unangojea simu ya rais?"

Nami nilipofika nikajaribu. "Shangazi, yangu ni ya ofisi."

"Hiyo ofisi itakufa ukimsugua mwari mikono? Lete hapa."

Nikaitia kapuni.

Alasiri ile ningeweza kuiandika mara kumi na bado nisiifikie. Chumba kilinukia karafuu mpaka mtu alihisi anainywa. Ngoma ilikuwa moja tu, na sinia la shaba, na wanawake thelathini waliokuwa wameacha nje umri wao pamoja na viatu. Mama yangu mdogo, ambaye magoti humfanya apande ngazi akipumzika, alicheza. Kisha bi harusi akasimama. Liwa ilikuwa inamkaukia mikononi, nywele zimemwagika mgongoni, leso imefungwa kiunoni juu ya dera jepesi, na akacheza chakacha. Mwanamke wa kwetu hucheza vile mbele ya wanawake wenzake tu, na kwa sababu ya mlango ule uliofungwa hucheza bila kubakisha kitu. Alicheka huku anacheza. Vigelegele vilipanda mpaka kwenye boriti. Nilifikiri: hii haihitaji kuandikwa na mtu yeyote.

Kumbe palikuwa na aliyekuja na simu mbili.

Jumamosi asubuhi bi harusi aliniamsha kwa simu.

"Dada, umeiona?"

"Nini?"

"Fungua."

Nikafungua. Nusu dakika. Ilipigwa kutoka chini, kutoka kwenye mkunjo wa nguo ya mtu aliyeketi, na uso wa bi harusi ulionekana wote. Akaunti haikuwa na jina la kueleweka. Juu ya video paliandikwa "Mabinti wa Mombasa" na alama za moto.

"Baba ameiona?" nikauliza.

"Bado. Lakini vijana wa pale kona wameiona. Nilipopita kwenda kwa fundi walinyamaza. Wale, dada! Tangu nizaliwe hawajapata kuninyamazia." Sauti yake ilikuwa kavu, si ya mtu anayelia. "Sikiza. Wewe uko kwao. Itoe. Isipotoka kabla ya kupamba, mimi sitoki chumbani. Siendi kukalishwa jukwaani mbele ya mama za watu hali watoto wao wa kiume wameshamaliza kunitazama."

Nikamwambia nitaitoa. Nilisema kwa uhakika wa mtu anayefanya kazi mahali pakubwa.

Watu hudhani ukiwa ndani ya mashine unaweza kuishika. Sisi hatukuruhusiwa hata kutafuta video. Foleni ndiyo inayokuletea, na inakuletea itakacho. Kwa hivyo nilifanya kama afanyavyo mtu yeyote wa Biashara Street mwenye simu: niliiripoti. Shangazi akaripoti, mama mdogo akaripoti, somo akaripoti kwa simu ya mjukuu wake. Ndani ya saa moja sote tulijibiwa kwa upole uleule: tumeiangalia, haivunji kanuni zetu, asante kwa kutusaidia kuilinda jumuiya.

Sikushangaa. Kanuni nilizijua kwa moyo, maana nililipwa kuzijua. Mna uchi, mna damu, mna silaha, mna chuki, mna utapeli, na kila kimoja kina namba na vijukuu vya namba. Sitara hamna. Sitara ni neno ambalo mtoto wa Mji wa Kale hulijua kabla ya kuhesabu: kitu kipo, ni kizuri, na kimefunikwa, na uzuri wake ni wa waliofunguliwa mlango. Kampuni yenye mahesabu ya kujua nitatamani kununua nini mwezi ujao haikuwa na nafasi ya kulitia neno hilo. Kwao, bi harusi alikuwa amevaa. Jambo limekwisha.

Ilikuwapo njia nyingine. Mhusika mwenyewe angeweza kujaza fomu ya kulalamika. Jioni ile nilikwenda kwao na kuifungua mbele yake na mbele ya somo. Fomu ilitaka jina kamili, kitambulisho cha taifa mbele na nyuma, na picha mpya ya uso, bila ushungi, yenye mwanga mzuri, ili wahakikishe ndiye.

"Yaani nitume uso ndio watoe uso?" aliuliza.

"Ndivyo."

"Na nani atakayeupokea?"

Atakayeupokea, nilijua, ni mtu kama mimi, wa kitambulisho cha kijivu, katika jengo kama lile, na labda ni mwanamume.

Somo akaisukuma simu kwa kidole kimoja. "Waambie wamtume mama yao aje amtazame," alisema. "Tutamkaribisha kahawa."

Ilibaki fomu ya ndani, ile anayojaza mfanyakazi akiona uamuzi wa kampuni una kasoro. Jumatatu niliijaza. Niliandika kurasa mbili. Nilieleza singo, mlango, wanaume waliotoka, simu kapuni. Sijawahi kuandika nathari nzuri zaidi katika maisha yangu, na niliiandika ndani ya kisanduku cheupe kilichokuwa kikinihesabia herufi.

Kiongozi wa timu yetu alikuja mezani kwangu Jumanne. Alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye kupiga pasi mashati yake, na aliiamini Kampuni kwa moyo safi, jambo ambalo lilinikera kuliko kama angekuwa mwovu.

"Dadangu, nimeisoma. Imeandikwa vizuri sana. Imechaguliwa!"

"Kuondolewa?"

"Kujadiliwa. Kesho, kwenye Mizani."

Mizani ni kikao cha kila Jumatano. Video zenye utata huonyeshwa ukutani, timu nzima huzitazama pamoja, kisha hupiga kura, ili sote tupime kwa kipimo kimoja. Nilikuwa nimeketi Mizani kila wiki kwa mwaka mmoja na nusu. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na nilipokuwa naandika kurasa zangu mbili nzuri halikunipitia akilini hata mara moja.

"Usiionyeshe," nilimwambia. "Isome barua yangu tu. Au nitaieleza mwenyewe."

"Haiwezekani. Lazima wote waone kitu kimoja."

"Ni bi harusi wa watu. Hiyo ndiyo hoja yenyewe, kwamba haifai kuonwa."

"Ndiyo maana ni mfano mzuri," alisema, na alimaanisha kunisifu.

Kwa hivyo Jumatano tuliingia Baraza, watu kumi na wawili, saba wanaume. Kwenye kipaza sauti cha mezani alikuwapo mwanamke wa ng'ambo mwenye sauti laini, aliyesikiliza vikao vyote vya ukanda wetu na ambaye hatukupata kumwona. Taa zikazimwa. Na mtoto wa mama yangu mdogo akatokea ukutani, mrefu kuliko mlango, anacheka.

Utaratibu ulitaka video ionyeshwe mara mbili, kwanza bila sauti. Bila sauti ilikuwa mbaya zaidi. Bila ngoma na bila vigelegele, kilichobaki ni mwili wake na kimya cha wanaume wanaojitahidi kuonekana wako kazini.

Mwenzetu mmoja, kijana wa mtaa wa Kuze ambaye nilikuwa nikikutana na mama yake harusini, alikigeuza kiti chake akatazama dirishani.

"Kaka, tunatazama pamoja," kiongozi alimwambia.

"Nyinyi tazameni. Mimi hii sikualikwa."

"Hakuna aliyealikwa, ni kazi."

"Hebu kisikilize ulichokisema," alijibu, bila kugeuka.

Majadiliano yakaanza. Msichana aliyekuwa anasomea sheria alisema mhusika amevaa. Mwingine alisema mhusika anaonekana mwenye furaha. Sauti ya ng'ambo ikasema kwamba mila za aina hii zina thamani kubwa, kwamba video imepokelewa vizuri na watazamaji wa nchi nyingi, na kwamba tujihadhari tusije tukawanyamazisha wanawake. Nilisema lile nililoliandika. Nilisikilizwa kwa heshima. Kura zikapigwa: kumi Acha, wawili Ondoa, mimi na mgongo wa yule kijana wa Kuze.

"Asante kwa mjadala mzuri," kiongozi alisema. "Tuimalizie na sauti, kwa kumbukumbu."

Ngoma ikalia chumbani. Sinia la shaba. Nilimsikia mama yangu mdogo akihema. Nilifumba macho nisione, na kwa kuwa nilifumba macho nikasikia, katika sekunde za mwisho, nyuma ya vigelegele, redio ya nyumba ya pili. Mtu alikuwa amefungulia wimbo, mmoja wa zile zinazopigwa kila mahali, wa mwimbaji mkubwa na wenye kampuni kubwa ya muziki nyuma yake.

"Kuna muziki," nikasema.

Nilimwona kiongozi akikaa wima. Wiki nzima sikuwa nimemwona akikaa wima.

"Muziki gani?"

"Mwishoni. Redio ya jirani."

Akairudisha. Wote wakainama mbele. Sekunde nne.

"Wimbo una mwenyewe?" aliuliza, kalamu tayari mkononi.

"Una mwenyewe."

Kisha ile sauti laini ikasema, bila ulaini wowote, "Ondoeni sasa hivi. Na nakala zake zote."

Hakuna aliyetaka fomu, hakuna aliyetaka kitambulisho mbele na nyuma. Hawakuuliza kama wimbo unaonekana una furaha. Nilipofika mezani kwangu video ilikuwa imetoweka, yenyewe na zote zilizonakiliwa kutoka kwayo, kutoka nchi zote zile zilizoipokea vizuri. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Mwanamke mzima aliomba kwa siku nne akaambiwa hana kesi. Sekunde nne za redio hazikuomba hata kidogo.

Ijumaa walinisifu mbele ya ofisi nzima kwa sikio makini. Nilipewa chupa ya maji yenye nembo. Kiongozi alinipigia makofi kwa moyo wake wote, na nilimtazama nikitafuta kitu cha kumchukia, nikakosa. Mwisho wa mwezi niliondoka. Sijioni shujaa. Kabla ya siku ile nilikuwa nimebonyeza Acha kwa wanawake wangapi wa mikoa nisiyoijua, ambao nao pengine walikuwa nyuma ya mlango fulani uliofungwa, na nikaenda kula tufaha?

Jumatano ile ile, nikitoka kazini, nilikwenda moja kwa moja kwao. Somo alikuwa anamchora hina miguuni.

"Imetoka," nikasema.

Bi harusi alifumba macho. Somo aliinua mikono kumshukuru Mungu, hina ikamdondokea magotini.

"Umewaambia nini?" bi harusi aliuliza.

Nikawaeleza. Ukuta sikuutaja. Niliwaeleza redio. Somo alicheka mpaka akaiweka chini bakuli ya hina.

"Ningelijua, ningelimfungia redio shingoni tangu azaliwe," alisema. "Mtoto wa watu halindwi, wimbo unalindwa! Haya, na huyo mwimbaji tumwalike, ndiye walii wake, aje amwoze."

Bi harusi hakucheka. "Wangapi?" aliniuliza.

"Wangapi nini?"

"Walioiona. Nyinyi mnajua idadi."

Nilijua. Ilikuwa imeandikwa chini ya miguu yake, kwenye ukuta.

"Si wengi."

"Dada."

"Wengi," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho ameshakinunua. "Basi nitatoka," alisema. "Nilisema ikitoka nitatoka."

Na alitoka. Siku ya kupamba ukumbi ulijaa, na alikuwa mzuri kiasi cha kunyamazisha hata wale waliokuja kutafuta kasoro. Aliketi jukwaani macho chini, kama inavyotakiwa. Mwisho, akishateremka, mwari wa kwetu huombwa acheze kidogo, na ngoma ikaanza, na mama mkwe wake mwenyewe akaja kumshika mkono. Milango ilikuwa imefungwa. Wanawake peke yao.

Hakwenda katikati. Alisimama palepale na kutazama wageni, safu kwa safu, lakini hakutazama nyuso. Alitazama mikono yao, na mikunjo ya nguo mapajani mwao. Mama mkwe akamvuta tena kidogo, akimbembeleza. Macho ya bi harusi yalipofika kwangu aliitazama na mikono yangu pia, kwa muda uleule aliowapa wengine, kisha akarudi kuketi.